Uzi maalumu: Kubadilisha raba za paa la T-bar (MR2 SW20, Fairlady Z na jamii yake)

#1 SpanaKumi

Wakuu, salaam.

Masika haiko mbali na kila mwaka wimbo ni ule ule: mtu kanunua raba mpya za paa, kafunga, mvua ya kwanza tu maji yanamdondokea begani kama zamani. Tuliweke hili sawa kwenye uzi mmoja.

Nazungumzia magari ya spoti ya zamani yenye paa la T-bar, yaani vioo viwili vinavyotoka, kila kimoja upande wake, na mwamba wa chuma katikati. Mfano wangu ni Toyota MR2 ya SW20, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1999. Mwenye Fairlady Z ya Z32 yenye T-bar naye akae hapa, kanuni haibadiliki. Milango ya magari haya haina fremu ya kioo kwa juu. Kioo cha mlango kinapanda chenyewe na kwenda kuegemea raba. Kwa hiyo eneo lile la ubavuni raba inabanwa kutoka pande mbili: kioo cha paa kinakuja kwa juu, kioo cha mlango kinakuja kwa pembeni. Kimoja kikikaa vibaya, hata raba iliyotoka kiwandani jana itavuja.

La pili ni hili. Raba ya paa haikuundwa kuziba maji yote kama kizibo cha chupa. Mdomo wa nje unazuia maji mengi, na yale machache yanayopenya yanaangukia kwenye mfereji ulio ndani yake, kisha yanatolewa nje kwenye kona. Mfereji ukijaa vumbi, majani na gundi kavu ya fundi aliyepita, maji yanapanda mpaka yanafurika ndani. Hapo badilisha raba mara kumi, utalowa mara kumi.

Ndiyo maana naanza na kutafuta pa kuingilia, halafu mfereji, halafu mkao wa vioo. Raba inakuja mwisho, hata kama ndiyo uliyoinunua kwanza.

Kutafuta pa kuingilia kuna njia tatu, na zote hazina gharama:

Tochi. Usiku, mmoja akae ndani vioo vyote vikiwa vimefungwa, mwingine apitishe tochi nje taratibu kwenye mistari yote ya raba. Mwanga ukionekana ndani, hapo pana uwazi.

Karatasi. Kata vipande vya karatasi ya kawaida, upana sentimita 3. Weka kipande kati ya raba na kioo, funga, kisha kivute. Kinatakiwa kigome kidogo. Kikichomoka bila ubishi, bandika masking tepu hapo kama alama. Sogea sentimita 10, rudia. Noti pia inafaa ila ikichanika usinilaumu.

Maji. Tumia mpira wa bustani usiobanwa mdomo, maji yatiririke tu. Anza chini: usawa wa chini wa kioo cha mlango dakika 3, kisha nguzo ya kioo cha mbele dakika 3, kisha kona ya nyuma, na juu kabisa mwisho. Ukianza juu maji yatashuka kote na hutajua yameingilia wapi. Mashine ya presha ya pale mnapooshea magari isiguse zoezi hili. Presha ile inafungua mdomo wa raba nzima kabisa, na utaishia kutibu gari ambayo haiumwi.

Vipuri na ufungaji vinafuata. Wajuzi karibuni, nikosoeni.

---

#2 Mgeni_Tegeta

Mkuu, shukrani kwa uzi. Swali: kapeti la mbele upande wa abiria linalowa, ila siti ni kavu na dari halina alama ya maji. Hata wiki isiyo na mvua. Hii nayo ni raba ya paa?

---

#3 Bodi na Rangi

Siyo, mkuu. Kama hakuna mvua na kapeti linalowa, hayo ni maji ya AC. Kwa unyevu wa hewa wa Dar, AC inachuja maji mengi, na yanatakiwa yatoke kwa bomba dogo la mpira linalopita ukutani mwa injini au sakafuni na kudondokea chini ya gari. Bomba likiziba, maji yanarudi kwenye kapeti. Washa AC dakika 15 gari ikiwa imesimama, uangalie chini. Pasipokuwa na kidimbwi cha maji, zibua bomba lile kwa upepo mdogo kutokea nje.

Kama ni siku za mvua tu na siti ni kavu, fungua kava la ndani la mlango. Kuna nailoni imebandikwa kwenye chuma. Maji huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, hiyo ni kawaida kwa gari yoyote, na hutoka kwa matundu ya chini ya mlango. Fundi wa spika au wa pawa windo akishachana ile nailoni na kuiacha inaning'inia, maji yanavuka kuja kwenye kapeti. Nailoni nzito mpya pamoja na mkanda wa butaili (mkanda laini unaonata na kuziba maji), kazi imekwisha.

Maji ya paa yana tabia nyingine. Yanalowesha bega, pembeni ya siti, mkanda, au yanashuka ndani ya nguzo ya mbele hadi kwenye dashibodi.

---

#4 SpanaKumi

Hapo #3 umepigilia msumari.

Sasa vipuri. Agiza kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari. SW20 yenye T-bar na ile yenye paa la chuma hazina raba sawa, na muuzaji akisikia "MR2" tu atakuletea chochote kilichopo. Raba za kushoto na kulia hazibadilishani. Andika orodha ya kila upande peke yake: raba ya bodi inayozunguka uwazi wa paa na kushuka nguzo ya mbele, raba iliyo kwenye kioo cha paa chenyewe kama gari yako inayo, raba ya mlango, na ule ukanda wa nje wa kioo cha mlango unaofuta maji. Ongeza klipu na skrubu za reli, yaani ule ukanda unaoshika raba kwenye bodi. Klipu za plastiki za umri huu hukatika ukizigusa tu, kwa hiyo hesabu zilizopo kwenye gari na uagize zote, na nne za akiba.

Mzigo ukifika usikimbilie kulipa. Laza raba mezani pembeni ya ile ya zamani. Angalia kona: lazima ziwe zimemwagwa kiwandani zikiwa na umbo lake, si vipande viwili vilivyogundishwa. Bonyeza sehemu ya sponji kwa kidole, inatakiwa irudi mara moja. Ikibaki na shimo, imezeeka ghalani. Kama ilikunjwa ndani ya kifurushi na ina makunyanzi, iache juani juu ya kipande cha mbao saa moja au mbili itajinyoosha. Jua la Dar lina faida zake.

---

#5 Jembe la Ilala

Mkuu SpanaKumi, mnatisha watu bure. Kariakoo kuna raba za mita, zina waya ndani, zinabana kwenye chuma bila gundi. Mafundi wanakata kona na kuunganisha, gari zinatembea. Kwa nini mtu asubiri mzigo kutoka Japani?

---

#6 SpanaKumi

Zina kazi yake, sizikatai. Ile ya mita yenye waya ndani ni sahihi kwenye mdomo wa mlango, pale inapopanda juu ya kingo ya chuma. Pima unene wa kingo kwanza. Ikilegea itateleza, ikibana mno haitaingia hadi mwisho.

Kwenye uwazi wa T-bar inakwama kwa sababu mbili. Ya kwanza, raba ya paa haina duara tu: ina mdomo wa kupokea kioo cha mlango, ina sponji ya kupokea kioo cha paa, ina mfereji katikati. Raba ya mita ina duara moja lenye uwazi ndani, basi. Mfereji umepotea. Ya pili ni kona ya mbele, pale nguzo, fremu ya kioo cha mbele, kioo cha paa na kioo cha mlango vinapokutana. Hakuna mkato wa wembe utakaozaa umbo lile.

Ukibanwa kabisa, okoa kona za zamani. Kona zikiwa bado laini, kata raba ya zamani sehemu iliyonyooka, angalau sentimita 8 kutoka kwenye kona, na uunge kipande kizuri kutoka raba nyingine ya gari ile ile. Mkato uwe wa wembe mpya uliochovywa kwenye maji ya sabuni, mraba kabisa. Kausha, paka supagluu tone moja moja, shikilia sekunde 30. Kiungo kikae sehemu iliyonyooka, kisikae kwenye kona wala sehemu ya chini kabisa ambako maji hukusanyika.

---

#7 MsasaNamba400

Niongezee kwenye kufungua, maana hapo ndipo watu wanaharibu.

Toa vioo vya paa kwanza, uvilaze bapa juu ya blanketi. Usisimamishe kioo kwa kona. Ni kioo kilichoimarishwa kwa joto (tempered), uso wake unavumilia mengi lakini kingo ikigonga saruji kinamwagika chote punje punje.

Kabla ya kung'oa chochote piga picha kona zote nne, kwa karibu, uonyeshe ni mdomo upi upo juu ya mwingine. Bandika masking tepu kwenye rangi pande zote mbili za reli.

Skrubu za reli. Gari za Kijapani zina skrubu za nyota za kiwango cha Kijapani, JIS. Zinafanana na nyota ya kawaida lakini pembe zake ni tofauti, na bisibisi ya kawaida inapanda juu na kutafuna kichwa. Tafuta bisibisi ya JIS namba 2. Ikigoma, weka mafuta ya kulegeza kutu kwa tone kwenye uzi wa skrubu, subiri usiku kucha, kisha gonga bisibisi kwa nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha. Mafuta hayo yasifike kwenye raba unayotaka kuibakiza.

Ukishatoa reli utakutana na ukweli. Gari zinazolala Msasani, Kunduchi, Kigamboni, popote pale chumvi inapopeperuka, chini ya reli mara nyingi kuna kutu ambayo nje huioni. Raba imeshikilia maji ya chumvi kwenye chuma miaka yote hiyo. Ukifunga raba mpya juu ya kutu, kutu itavimba, itanyanyua reli, na reli ikinyanyuka milimita moja tu karatasi yako ya majaribio itachomoka.

Kwangu utaratibu ni msasa 80 hadi chuma cheupe, 180 kulainisha, futa kwa spiriti, praima ya epoksi, rangi, kisha muda. Rangi ionekane kavu na iwe imekomaa: ukiikwaruza kwa ukucha sehemu iliyofichika isibaki na alama. Raba ikibandikwa juu ya rangi mbichi inashikana nayo, na siku ukiitoa inaondoka na rangi.

Tundu la skrubu lililoliwa usijaze puti halafu ukapiga skrubu. Puti haishiki uzi. Weka nati ya kupachika au chomelea na utoboe upya.

---

#8 Bodi na Rangi

Naunga mkono. Na jambo moja kwa mafundi rangi: kama gari itapigwa rangi paa, hakuna kupuliza silikoni ya aina yoyote kabla. Chembe zake zinatua kwenye bodi na rangi inakataa kukaa, inafanya vishimo vidogo vidogo. Silikoni ni ya mwisho kabisa, baada ya rangi kukomaa.

---

#9 Mgeni_Tegeta

Gundi ya zamani imekuwa kama lami ngumu. Inatoka na nini? Thina?

---

#10 Mzee wa Gundi

Thina inatoa gundi na inatoa rangi vilevile, hasa kama gari ilishapigwa rangi mtaani. Anza na kipande cha plastiki kilichochongwa mdomo, kwangua kavu. Kinachobaki, lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, kilaze juu ya gundi dakika 10, kwangua tena. Ukimaliza osha kwa maji ya sabuni na umalizie kwa spiriti, maana mafuta ya taa yakibaki gundi mpya haitashika. Petroli iache kwenye tangi, hasa kama upo kwenye gereji yenye mtu anachomelea hatua tatu kutoka ulipo.

Sasa gundi mpya, maana hapa ndipo nasikia maajabu.

Raba inayoingia kwenye reli haihitaji gundi urefu wote. Inahitaji kwenye kona na kwenye miisho tu, na mahali ambapo kiwanda kilipaka. Tyubu moja ya mililita 150 ya gundi nyeusi ya raba za magari inatosha pande zote mbili na inabaki.

Inapakwa pande zote mbili, kwenye chuma na kwenye raba, tabaka jembamba. Subiri mpaka ukigusa kwa kifundo cha kidole isishike. Maelekezo ya kwenye tyubu yameandikwa kwa hali ya hewa ya wenzetu. Kwa joto letu la mchana inakauka haraka kuliko ilivyoandikwa, kwa hiyo paka vipande vya sentimita 20 hadi 30, siyo upande mzima. Ukishagusanisha haisogezwi. Fanya kazi asubuhi au kivulini.

Gundi ya fundi viatu: inashika vizuri siku ya kwanza. Lakini paa jeusi juani hapa linapita nyuzi 60, na gundi ile ikipata moto inalainika, raba inateleza taratibu na kufungua kona.

Silikoni ya madirisha ile yenye harufu ya siki: marufuku kwenye chuma. Harufu ile ni asidi inayotoka ikikauka, na inaanzisha kutu chini kwa chini. Kama lazima utumie silikoni mahali, chukua isiyo na harufu ya siki, na usiijaze kwenye mfereji.

---

#11 SpanaKumi

Mzee wa Gundi amenirahisishia. Basi kufunga kwenyewe.

Gari iwe juu ya matairi yote manne, sehemu tambarare. Siyo kwenye jeki, siyo tairi moja juu ya ukingo wa barabara. Gari ya paa wazi inajipinda kuliko gari ya paa zima. Wale wa Chevrolet Corvette ya 1968 waliongeza mwamba wa katikati kwa sababu hiyo hiyo: bila mwamba bodi ilikuwa inajipinda mno. Ukirekebisha vioo gari ikiwa kwenye jeki, ukiishusha vipimo vyote vimehama.

Zibua mifereji. Mimina nusu kikombe cha maji kila upande, uone yanatokea wapi nje. Yasipotoka, usiendelee.

Rudisha reli. Nyuma ya reli weka mkanda wa butaili mwembamba, na kitone cha butaili kwenye kila tundu la skrubu. Skrubu isiyo na butaili ni tundu la maji. Kaza zote nusu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha malizia. Butaili ikiminywa nje, ikate kwa uzi. Usiivute kwa kidole.

Jaribu raba kavu, bila gundi. Pachika kona zilizomwagwa kwanza: kona ya mbele, kona ya nyuma. Kisha katikati ya kila upande ulionyooka. Kisha katikati ya kila nusu. Hivyo hivyo hadi yote iingie. Anayeanza mwisho mmoja na kuvuta kwenda wa pili atafika na sentimita mbili za ziada, atafurahi, atazikata. Raba iliyovutwa inarudi. Baada ya wiki kadhaa za jua itakuwa imejivuta kutoka kwenye kona na kuacha uwazi wa kupitisha kidole. Ikionekana ndefu kidogo, isukume irudi ndani yenyewe, ijibane. Raba iliyosukumwa haina shida, iliyovutwa ndiyo yenye shida.

Kulainisha ili iingie kwenye reli, tumia maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kwenye chupa ya kupulizia. Usipulize pale utakapopaka gundi. Chombo cha kusukumia kiwe cha plastiki au mti butu. Bisibisi inatoboa sponji, na tundu dogo kwenye sponji linanyonya maji na kuyashikilia, ndipo mtu anapoona tone linadondoka siku ya pili baada ya mvua.

Ukiridhika ikiwa kavu, toa kona moja moja, paka gundi, rudisha.

Vioo vya paa virudi siku hiyo hiyo na vifungwe. Viache vimefungwa siku mbili tatu, gari ipumzike. Raba mpya ni nene, inahitaji kubanwa ili ichukue umbo.

---

#12 Jembe la Ilala

Kuna gari ipo gereji sasa hivi, baada ya raba mpya kioo cha paa cha kulia kinagoma kufunga, mkono wa loki unafika nusu. Nilazimishe?

---

#13 SpanaKumi

Usilazimishe hata kidogo. Pini ya loki ikipinda au nyumba yake ikipasuka, kuipata ni kazi kuliko raba.

Chukua poda ya mtoto, pakaza raba yote kwa brashi. Weka kioo taratibu, bonyeza kwa viganja viwili, kisha kiinue. Palipobanwa poda itakuwa imehamia kwenye kioo. Mstari unatakiwa uwe na upana sawa kote. Pakiwa pana sana sehemu moja, angalia chini ya raba pale: mara nyingi utakuta gundi ya zamani, kichwa cha skrubu hakijazama, au raba haijaingia kwenye reli. Pakiwa wazi, reli imezama au raba imegeuka mdomo.

Kama mstari ni sawa kote ila ni mzito tu, basi ni upya wa raba. Mtu wa pili abonyeze kioo kutoka nje kwa viganja, wewe ufunge loki ndani. Sponji iliyofungwa vizuri inabanwa kama theluthi ya unene wake. Ikibanwa zaidi ya nusu inakufa mapema.

---

#14 KiooChaMlango

Mmefika kwangu. Kioo cha mlango ndicho kinachosingiziwa kuwa ni raba.

Fungua kava la mlango. Utakuta bolti za kichwa namba 10 zinazoshika vitu vitatu: kikomo cha juu kinachoamua kioo kipande hadi wapi, sehemu zinazoamua kioo kiegemee ndani au nje, na zile zinazokifunga kioo kwenye mashine yake. Kabla ya kulegeza chochote, chora mstari kwa kalamu ya rangi kuzunguka kila bolti. Ukipotea utarudi ulipoanza.

Fuata mpangilio huu. Kwanza mbele na nyuma: kioo kiwe sambamba na nguzo ya mbele. Pili mteremko wa ndani na nje: mlango ukifungwa kioo kikiwa juu, ukingo wa kioo uguse raba urefu wote kwa wakati mmoja, mbele na nyuma. Mwisho urefu: kioo kiingie chini ya mdomo wa raba, kisiishie kuugusa kwa nje. Kioo kinachoishia nje kitazuia mvua gari ikiwa imesimama, lakini ukifika spidi 80 hewa inakivuta nje na maji yanaingia. Hii ndiyo ile "inavuja nikitembea, haivuji nikipaki".

Kila badiliko liwe nusu mzunguko au milimita 1 hadi 2. Kaza, funga mlango taratibu, vuta karatasi. Usifunge mlango kwa nguvu kabla ya kuhakikisha kioo hakigongi ukingo wa paa.

Na kagua bawaba za mlango kabla ya yote. Nyanyua mlango kwa mkono ukiwa wazi. Mlango ukicheza juu chini, hakuna marekebisho ya kioo yatakayodumu.

---

#15 Mgeni_Tegeta

Gari haivuji ila inapiga mluzi kwenye mwendo. Kupata chanzo kuna njia au ni kubahatisha?

---

#16 KiooChaMlango

Ipo. Bandika masking tepu juu ya mistari yote, kioo cha paa na nguzo. Endesha mchana, barabara tulivu, abiria asikilize. Mluzi ukipotea, toa kipande kimoja cha tepu, rudia. Kipande kitakachorudisha mluzi ndicho chenye kesi. Mara nyingi ni kona ya mbele ya kioo cha mlango, au ukanda wa chrome ulionyanyuka ambao hata hauhusiani na raba.

---

#17 Turubai

Wenye kofia ya turubai tusisahaulike. Eunos Roadster (Mazda ya toleo la kwanza, NA, 1989 hadi 1997) ina raba za paa kila upande vipande vitatu kwenye mifupa ya kofia, mbali na ile ya mbele juu ya kioo na ile ya nguzo. Vipande vile vinakutana ncha kwa ncha. Mfupa ukikunjwa vibaya ncha zinapishana na raba inachanika. Vibadilishwe kofia ikiwa imefungwa, siyo imekunjwa.

Lakini kwenye hii gari maji ya nyuma ya siti mara nyingi ni mifereji. Turubai inamwaga maji kwenye reli ya mpira iliyo nyuma, reli inayapeleka kwenye tundu moja kila upande, karibu na mnara wa mkanda wa siti, na yanatokea chini ya gari mbele ya tairi la nyuma. Maua ya mkrismasi na majani ya mwarobaini yanaziba kabisa. Mimina nusu lita kila upande, yanatakiwa yatoke chini pale pale. Yakisita, zibua kwa uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, ncha umeiyeyusha iwe butu. Waya wa hanga unatoboa bomba, na maji yanaingia kwenye boksi la chini ya mlango. Kutu ya sehemu ya nyuma ya boksi hilo ndiyo ugonjwa unaojulikana wa NA.

Vipuri kwa hii si tatizo kubwa. Mazda yenyewe ilitangaza mwaka 2017 huduma ya kufufua NA pale Japani, na ikarudia kutengeneza vipuri kadhaa, turubai ikiwemo.

---

#18 Jembe la Ilala

Nimefuata ile ya poda. Kulikuwa na kichwa cha skrubu kimechungulia kona ya nyuma. Kioo kimefunga. Sasa matunzo: vijana wanapaka Vaseline, wengine ile dawa ya kung'arisha tairi.

---

#19 Mzee wa Gundi

Raba nyingi za aina hii ni EPDM, aina ya raba ya kiwandani isiyotoka kwenye mti. Inavumilia jua, maji na hewa, ila mafuta yanayotokana na mafuta ghafi (petroliamu) ni adui yake. Vaseline ni zao la petroliamu, WD-40 imo humo humo, grisi ya bearingi vilevile. Zinaivimbisha na kuilegeza. Dawa za tairi nyingine zina mafuta hayo hayo, nyingine ni silikoni ya maji, kwa hiyo soma kopo. Tumia grisi ya silikoni safi, kiasi cha punje ya harage kwa upande mzima, ipakwe kwa kitambaa hadi isionekane. Mara mbili kwa mwaka inatosha, kabla ya masika na kabla ya vuli. Osha raba kwa maji ya sabuni kwanza, kwa sababu grisi juu ya vumbi ni msasa.

---

#20 Bodi na Rangi

Na vioo vya paa msiviache vimefungwa miezi yote. Gari inayolala nje Dar, raba inashikana na kioo. Fungua kila baada ya wiki kadhaa, futa, funga. Ukikuta imeganda usivute kwa nguvu, mwagia maji ya sabuni vuguvugu kwenye mstari, subiri dakika 5, inua kutoka upande wa katikati.

---

#21 Mgeni_Tegeta

Swali la mwisho wakuu. Nimepata raba za pande zote mbili, ila rangi ya paa haitaisha kabla ya mvua. Zinatunzwaje?

---

#22 SpanaKumi

Zilaze zimenyooka. Zikiwa ndefu mno kwa kabati, zizungushe duara kubwa bila mkunjo, na kona zisiwe chini ya uzito wowote. Pakaza poda kidogo zisishikane, funga kwenye mfuko mweusi, weka chumba kisicho na jua. Zikae mbali na mota za umeme na mashine ya kuchomelea, kwa sababu hewa ya ozoni inayotoka kwenye cheche hupasua raba za aina nyingi, na si kila kipande cha mlango ni EPDM. Gari nayo, wakati inasubiri rangi, funika kwa turubai inayoning'inia juu ya kamba, isigusane na praima. Praima nyingi zinanyonya unyevu, kwa hiyo ikilowa mwambie fundi aikaushe na kuipiga msasa upya kabla ya rangi.